Sauti Isiyopigwa: Maana ya Chakra na Uhusiano Wake na Muziki katika Sangitaratnakara

Utangulizi

Katika vitabu, kanda na santuri zilizotolewa Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1970 kuhusu chakra na muziki, kuna jedwali moja linalorudiwa bila kubadilika sana. Jedwali hilo linasema kwamba mwili wa binadamu una chakra saba zilizopangika kutoka mwisho wa uti wa mgongo hadi utosini. Kwamba kila chakra ina rangi yake katika rangi saba za upinde wa mvua. Na kwamba kila moja ina noti yake, noti ya kwanza ikiwa ya chakra ya chini kabisa na noti ya saba ikiwa ya chakra ya utosi. Msikilizaji huambiwa kwamba noti ikipigwa, chakra inayohusika nayo hufunguka, na maradhi yaliyokaa mahali hapo huondoka. Mwishoni huongezwa kwamba elimu hiyo ni ya kale na imetoka Uhindi.

Kwa njia ya tafsiri, jedwali hilo linawafikia wasomaji wa Kiswahili pia. Kwa hiyo linawahusu wanafunzi wa lugha na fasihi kwa sababu mbili. Kwanza, dai la ukale ni dai linalohusu matini, na dai la namna hiyo linaweza kupimwa kwa kuzisoma matini zenyewe. Pili, mfasiri anayeipokea dhana ya kigeni kwa istilahi isiyofaa huwapa wasomaji wake dhana nyingine kabisa, bila ya yeye wala wao kutambua. Makala haya yanalipima dai hilo kwa kukisoma kitabu kimoja ambacho hakika kinazungumzia chakra na muziki pamoja, yaani Sangitaratnakara cha Sharngadeva, kilichotungwa kwa Kisanskriti katika karne ya 13. Hoja itakayotetewa ni kwamba katika kitabu hicho uhusiano wa chakra na muziki upo, lakini si uhusiano wa noti moja kwa chakra moja. Ni uhusiano unaopitia katika pumzi, matamshi na nia ya kusema. Kwa maneno mengine, chakra inaufikia muziki kwa kupitia lugha.

1. Mwandishi na kitabu chake

Sharngadeva aliishi Devagiri, katika nyanda za juu za Dekani, kwenye mahakama ya mfalme Singhana wa ukoo wa Yadava, aliyetawala katika nusu ya kwanza ya karne ya 13. Ukoo wake ulikuwa umetoka Kashmir; babu yake, Bhaskara, ndiye aliyehamia kusini. Mwandishi alikuwa na cheo kikubwa katika hesabu za serikali, na katika utangulizi wa kitabu chake anajitambulisha pia kuwa mwenye elimu ya tiba. Jambo hili la mwisho lisisahaulike, kwa kuwa litasaidia kufahamu kwa nini kitabu cha muziki kinaanza na maelezo ya mwili.

Jina la kitabu laweza kufasiriwa kuwa "Bahari ya Vito vya Muziki". Kina sura saba: sura ya sauti na noti, ya raga, ya mambo mchanganyiko, ya tungo, ya mizani, ya ala, na ya mwisho ya ngoma kwa maana ya uchezaji. Wafafanuzi wawili wanaojulikana zaidi ni Simhabhupala wa karne ya 14 na Kallinatha wa karne ya 15, aliyeandika katika dola ya Vijayanagara. Katika sura ya kwanza, kabla ya noti yoyote kutajwa, mwandishi anaweka sehemu nzima kuhusu kutungwa kwa mimba, kukua kwa kijusi, viungo, mifupa, mishipa, na hatimaye chakra. Msomaji aliyezoea vitabu vya muziki vya Ulaya atadhani amekosea kitabu. Lakini mpangilio huo una mantiki yake: muziki ni sauti, sauti ya kwanza ni ya koo la binadamu, na koo ni sehemu ya mwili uliozaliwa. Asiyeujua mwili hajui sauti inatoka wapi.

2. Maana ya chakra

Neno chakra katika Kisanskriti lina maana ya gurudumu au duara. Katika matini za yoga na tantra ni jina la mahali katika mwili ambapo mishipa ya pumzi hukutana, na mara nyingi mahali hapo huchorwa kama ua la yungiyungi lenye idadi maalumu ya petali. Chakra si kiungo ambacho daktari mpasuaji anaweza kukiona. Ni chombo cha kuongozea tafakuri: mwanafunzi wa yoga hufundishwa kuiwaza, kuitamkia silabi yake, na kuipandisha pumzi kutoka moja hadi nyingine.

Idadi ya chakra haikupata kuwa moja katika mapokeo yote. Hevajra Tantra, ambayo ni matini ya Kibudha, ina chakra nne. Shatchakranirupana, iliyoandikwa na Purnananda wa Bengal mwaka 1577, ina sita, na juu yake yungiyungi la petali elfu moja utosini. Sharngadeva mwenyewe anahesabu kumi. Anaanza na adhara yenye petali nne, kisha svadhishthana yenye sita, manipuraka yenye kumi, anahata ya moyoni yenye kumi na mbili, na vishuddhi ya kooni yenye kumi na sita. Baada ya koo anazitaja nyingine tano katika kichwa, ya mwisho ikiwa ile ya petali elfu. Basi hata kabla ya kuifikia hoja ya noti, hesabu yenyewe inakataa: noti saba haziwezi kugawanywa sawasawa kwa chakra kumi.

Kuhusu rangi, mambo ni vivyo hivyo. Shatchakranirupana inazipa petali za chakra ya chini rangi nyekundu, za pili nyekundu ya zingefuri, za tatu rangi ya mawingu ya mvua, za moyo nyekundu tena, za koo rangi ya zambarau yenye moshi, na za kati ya nyusi nyeupe kama mwezi. Nyekundu imejirudia, kijani haimo, na mfuatano wa upinde wa mvua haupo.

Kilichomo katika petali hizo, na ambacho jedwali la kisasa limekiacha, ni herufi. Katika Shatchakranirupana kila petali imeandikwa herufi moja ya alfabeti ya Kisanskriti. Petali nne, sita, kumi, kumi na mbili, kumi na sita na mbili zikijumlishwa hupatikana hamsini, nazo ndizo herufi hamsini za alfabeti hiyo kama watu wa tantra walivyoihesabu. Chakra ya koo, yenye petali kumi na sita, ndiyo iliyowekewa vokali zote kumi na sita. Konsonanti zimegawanywa kwa chakra nyingine. Katikati ya kila ua kuna silabi ya mbegu: lam, vam, ram, yam, ham, na om. Silabi hizi hutamkwa. Hakuna mahali zinapopewa kidatu, yaani kimo cha sauti, kilicho maalumu.

Ni kweli kwamba kati ya Sharngadeva na Purnananda kuna zaidi ya miaka mia tatu, na haifai kumsomea mmoja maneno ya mwingine. Hata hivyo, idadi ya petali za chakra tano za kwanza ni ileile kwa wote wawili, jambo linaloonyesha kwamba walichota katika mapokeo yaliyo karibu. Kwa mapokeo hayo, sauti inayokaa katika chakra ni sauti ya matamshi kabla ya kuwa sauti ya wimbo. Mwili wa yoga ni mwili ulioandikwa alfabeti.

3. Njia ya sauti katika mwili

Baada ya kuzieleza chakra, Sharngadeva anaeleza jinsi sauti inavyozaliwa. Nafsi hutaka kusema. Kwa kutaka huko huiamsha akili. Akili huupiga moto uliomo mwilini. Moto huusukuma upepo. Nao upepo, uliokuwa umekaa katika fundo lililo chini ndani ya kiwiliwili, hupanda juu ukipita kitovuni, moyoni, kooni, kichwani na kinywani. Katika kila mahali kati ya hapa patano sauti huwa na hali yake, tangu ile nyembamba sana isiyosikika hadi ile inayotoka kinywani ikiwa imetengenezwa. Sauti hiyo inaitwa nada. Mwandishi analichambua neno hilo kuwa na sehemu mbili: na ni pumzi, da ni moto. Wanaisimu wa leo hawawezi kuukubali uchambuzi huo, kwa kuwa neno linatokana na mzizi nad, kuvuma. Lakini uchambuzi usio sahihi kihistoria unaweza kuwa na thamani kama ushahidi wa fikra, na fikra hapa ni kwamba sauti ni pumzi iliyopashwa moto na nia.

Mfuatano huu wa nafsi, akili, moto na upepo haukubuniwa na watu wa muziki. Unapatikana karibu kwa maneno yaleyale katika Paniniya Shiksha, kitabu cha fonetiki kilichotungwa kwa ajili ya kuwafundisha wasomaji wa Veda matamshi sahihi. Humo pia upepo hupita kifuani, kooni na kichwani, na hutoa sauti ya chini, ya kati na ya juu. Sharngadeva, au waliomtangulia, waliichukua nadharia ya fonetiki na kuifanya msingi wa nadharia ya muziki. Jambo hili lingepaswa kuwavutia wanaisimu zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Asili ya uhusiano kati ya mwili na noti, katika kitabu hiki, ni somo la matamshi.

Kutoka hapo mwandishi anaingia katika hesabu. Moyoni, asema, kuna mishipa 22 iliyolala kwa upana, na upepo ukiipiga hutoa sauti 22 zinazopanda mmoja baada ya mwingine. Sauti hizo huitwa shruti. Kooni kuna mishipa mingine 22, na kichwani vilevile. Shruti 22 ndizo zinazozaa noti saba: shadja ina nne, rishabha tatu, gandhara mbili, madhyama nne, panchama nne, dhaivata tatu na nishada mbili.

Hapa ndipo jedwali la noti moja kwa chakra moja linapoanguka kabisa. Kwa Sharngadeva, moyo una shruti zote 22, kwa hiyo una noti zote saba kwa sauti ya chini. Koo lina noti zote saba kwa sauti ya kati. Kichwa kina noti zote saba kwa sauti ya juu. Hakuna noti iliyo mali ya moyo peke yake. Kinachotofautisha mahali na mahali ni tabaka la sauti. Zaidi ya hayo, shadja haina kidatu kilichowekwa mara moja kwa wote. Ni noti ya msingi ambayo kila mwimbaji huianzisha pale sauti yake inaporuhusu, kama inavyofanywa hata leo katika muziki wa Uhindi. Kuifananisha na mtetemo mmoja uliopimwa kwa hezi ni kuigandisha noti ambayo tabia yake ni kuhamahama.

Inaweza kudaiwa kwamba labda mwandishi hakupenda mambo ya ulinganishaji, na kwa hiyo aliacha kuuandika ulinganishaji uliokuwa ukijulikana. Kitabu chenyewe kinalikanusha wazo hilo. Sharngadeva anapenda sana kulinganisha. Kila noti anaipa mnyama au ndege wake: tausi kwa shadja, mbuzi kwa gandhara, chura kwa dhaivata, tembo kwa nishada. Anazipa noti ukoo, mungu, tabaka la jamii, hisia, na hata rangi. Katika rangi hizo ya tano ni nyeusi na ya saba ni ya madoadoa, jambo lisilowezekana katika upinde wa mvua. Mwandishi aliyezipanga orodha zote hizo asingeusahau ulinganisho wa noti na chakra kama ungekuwapo katika elimu ya siku zake. Ukimya wake mahali hapo ni ushahidi mzito.

4. Uzito na udhaifu wa nadharia

Haifai, kwa kuliondoa jedwali la kisasa, kumfanya Sharngadeva kuwa mwandishi asiye na kasoro. Sehemu yake ya chakra na sehemu yake ya noti hazijaunganishwa vizuri. Anapozieleza chakra, anasema kwamba nafsi ikikaa katika petali fulani za moyo, za koo na za chakra inayofuata koo, mtu hufaulu katika uimbaji. Ikikaa katika petali nyingine, uimbaji huharibika. Lakini haelezi kwa nini. Na anapokuja kwenye shruti, petali hizo hazitajwi tena; mahali pake panashikwa na mishipa 22 ambayo haikuwa imesemwa katika maelezo ya chakra. Msomaji anaachiwa mifumo miwili iliyowekwa bega kwa bega: mmoja wa watu wa yoga, wenye maua na petali, na mwingine wa watu wa fonetiki, wenye kifua, koo na kichwa. Mwandishi alirithi yote miwili, akaiheshimu yote, na hakuthubutu kuuacha mmoja.

Hata hivyo, kuna hatua moja inayomtukuza kama mwanamuziki. Baada ya kusema kwamba mishipa 22 imo moyoni, anatambua kwamba hakuna anayeweza kuiona. Kwa hiyo anachukua vinanda viwili vya vina, kila kimoja chenye nyuzi 22. Kimoja kinaachwa kama kilivyo, na cha pili kinalegezwa shruti moja kwa kila hatua, mpaka sikio likubali kwamba noti ya huku imekutana na noti ya kule. Nadharia ameiweka mwilini, uthibitisho ameuweka kwenye nyuzi. Anayelisoma jambo hili kwa makini ataona kwamba mwamuzi wa mwisho kwa Sharngadeva ni sikio, wala si ramani ya maua.

Hatua ya pili inalingana na ya kwanza. Mapokeo yanatenganisha nada ya aina mbili: ahata, iliyopigwa, na anahata, isiyopigwa. Nada isiyopigwa ni ile ambayo watu wa yoga huisikia ndani yao katika kimya, na chakra ya moyo imeitwa kwa jina lake. Mtu angetegemea kitabu cha muziki kiisifu sauti hiyo kuliko zote. Sharngadeva anaikiri, anasema kwamba inawapa ukombozi wenye kuifuata kwa mafundisho ya mwalimu, kisha anaongeza kwamba haina utamu na haiwafurahishi watu. Anaiacha hapo na kuigeukia sauti iliyopigwa, ambayo kwake inaweza kuwafurahisha watu na pia kuwakomboa. Kwa hiyo chakra zimo katika kitabu chake kama mlango. Mwandishi anaupita ili afike kwenye muziki unaosikika na watu wengine, unaofundishwa, unaosahihishwa na kushangiliwa.

5. Jedwali la kisasa lilikotoka

Ikiwa jedwali halikutoka kwa Sharngadeva, limetoka wapi? Sehemu zake zinaweza kufuatiliwa. Kuunganisha rangi saba na noti saba ni kazi ya Isaac Newton, ambaye katika Opticks ya mwaka 1704 aliigawanya duara ya rangi kwa kufuata nafasi za ngazi ya muziki. Habari za chakra ziliwafikia wasomaji wengi wa Ulaya mwaka 1919, John Woodroffe, jaji wa Calcutta aliyetumia jina la Arthur Avalon, alipoitoa tafsiri ya Shatchakranirupana katika The Serpent Power. Mwaka 1927 C. W. Leadbeater, mfuasi wa Theosofia, alichapisha The Chakras, na humo akazieleza kama vituo vya nguvu. Christopher Hills aliziunganisha chakra saba na rangi za upinde wa mvua katika Nuclear Evolution mwaka 1977, na katika miaka hiyohiyo Steven Halpern wa Marekani alitoa Spectrum Suite, santuri iliyozipanga noti, rangi na chakra kwa safu moja. Jedwali lote, basi, lina umri wa miaka hamsini hivi, na mmoja wa mababu zake ni mtaalamu wa nuru wa Kiingereza.

Kuna tawi jingine changa zaidi, linalozipa chakra mitetemo ya hezi 396, 417, 528, 639, 741 na 852. Namba hizi zilienezwa na kitabu cha Leonard Horowitz na Joseph Puleo cha mwaka 1999, ambacho kilidai kuzipata kwa kujumlisha tarakimu za aya za Kitabu cha Hesabu katika Biblia, na kwamba ni noti sita za Guido d'Arezzo, mtawa wa karne ya 11. Dai hili halihitaji elimu ya siri ili kupimwa. Ngazi ya Guido ya noti sita, kutoka ut hadi la, ina uwiano wa takriban tatu kwa tano. Ikianzia 396 itaishia karibu na 660. Hapa inaishia 852, ikiwa imevuka hata oktava nzima, ambayo ingekuwa 792. Zaidi ya hayo, mitetemo ya sauti haikuhesabiwa kabla ya karne ya 17, katika kazi za Marin Mersenne. Mtawa wa karne ya 11 hakuwa na sekunde ya kuigawanya.

Haisemwi hapa kwamba muziki hautulizi. Kwamba unaweza kupunguza wasiwasi na maumivu kwa mgonjwa ni jambo lililothibitishwa katika hospitali nyingi, na wala halihitaji chakra. Haisemwi pia kwamba mapokeo hayaruhusiwi kubadilika. Kila kizazi kina haki ya kutunga. Kosa lipo pale utungo wa juzi unapopewa ndevu za mzee ili usihojiwe, na mgonjwa anapoambiwa kwamba noti fulani itaponya kiungo fulani, akaacha dawa kwa kuamini ukale ambao haupo. Sharngadeva, aliyejua tiba na muziki pia, hakuandika katika sura hiyo kwamba noti ya gandhara huponya tumbo.

6. Suala la tafsiri

Kwa Kiswahili, neno la kwanza linaloleta shida ni chakra lenyewe. Tafsiri "kituo cha nguvu" au "kituo cha nishati" inapendwa, lakini ni tafsiri ya Leadbeater. Anayeitumia kumfasiria Sharngadeva anamvisha mwandishi wa karne ya 13 vazi la mwaka 1927. Ni afadhali neno chakra liachwe kama lilivyo, kwa kuwa linatamkika, na mara ya kwanza lielezwe kuwa "gurudumu" au "duara la pumzi". Petali na yungiyungi hazina shida. Mishipa nayo imepata bahati: Kiswahili kinasema mshipa kwa mshipa wa damu na kwa mshipa wa fahamu, na neno nadi la Kisanskriti lina upana wa namna hiyo.

Tatizo kubwa zaidi ni jozi ya ahata na anahata. "Iliyopigwa" na "isiyopigwa" ni tafsiri sahihi neno kwa neno. Tena Kiswahili kinaonekana kuipokea kwa mikono miwili, kwani kitenzi kupiga kinatumika kwa takriban ala zote: hupigwa ngoma, hupigwa gitaa, hupigwa hata filimbi na baragumu ambazo hakuna mkono unaozigonga. Lakini wimbo huimbwa. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili yuko katika hatari ya kuweka ala upande wa sauti iliyopigwa na koo la mwimbaji upande wa sauti isiyopigwa, na kuhitimisha kwamba kuimba ni jambo takatifu kuliko kupiga ngoma. Hilo silo alilolisema Sharngadeva. Kwake koo nalo hupigwa, kwa kuwa upepo huipiga mishipa ya kifua, koo na kichwa. Mfasiri hana budi kulitaja jambo hilo, na anaweza kujisaidia kwa matumizi yaliyomo katika lugha: watu hupiga kelele, hupiga vigelegele, hupiga mluzi. Katika semi hizo sauti ya kinywa tayari imehesabiwa miongoni mwa zilizopigwa.

Inafaa pia kuonya dhidi ya ulinganisho wa haraka kati ya chakra na ngoma za uganga za Afrika ya Kati. Katika lugha nyingi za Kibantu neno ngoma hukusanya pamoja ala, uchezaji na tiba, na ni rahisi kusema kwamba "ni kitu kilekile". Lakini katika ngoma ya uganga mgonjwa hutibiwa katikati ya watu wanaoimba naye, ilhali msomaji wa petali hukaa peke yake katika kimya. Ikiwa kuna mahali pa kukutana, ni pale Sharngadeva anapokiacha kimya na kuchagua sauti inayowafurahisha watu. Na hata hapo, kukutana si kufanana.

Hitimisho

Usomaji wa Sangitaratnakara unaonyesha mambo matatu. Kwanza, chakra katika mapokeo yaliyoziunganisha na sauti ni mahali pa herufi na pumzi, na idadi yake na rangi zake hutofautiana toka matini hadi matini. Pili, uhusiano wake na muziki unapitia katika nadharia ya matamshi iliyorithiwa kutoka kwa wanafonetiki wa Veda, ambamo noti zote saba hupatikana kifuani, kooni na kichwani. Tatu, jedwali la chakra, rangi na noti ni utungo wa Ulaya na Marekani wa karne ya 20, uliojengwa kwa vipande vya Newton, vya Theosofia na vya biashara ya santuri.

Kwa mwalimu anayeulizwa na wanafunzi wake kuhusu "muziki wa chakra", njia iliyo salama ni kuwarudisha kwenye matini na kuwauliza maswali ya kawaida ya uhakiki: nani aliandika, lini, kwa lugha gani, na maneno yake yanasema nini hasa. Kwa mfasiri, kazi iliyobaki ni kubwa zaidi. Sehemu ya Sharngadeva kuhusu kuzaliwa kwa sauti, kuanzia nafsi inayotaka kusema hadi vina mbili za nyuzi 22, inastahili kutolewa kwa Kiswahili ikiwa kamili na yenye ufafanuzi, ili wanafunzi wa fonetiki na wa fasihi simulizi waisome wenyewe.